Petroli Mkononi, Petroli Mdomoni: Maswali Yenu Kuhusu Kazi na Saratani

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote mkoani Kigoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, petroli, dizeli na oili tunazozishika kazini zinaweza kutuletea saratani? Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya zile nyingine yanaiegemea.

*Ndugu mjibu maswali, salaam aleikum. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, na kazi hii nimeianza nikiwa kijana. Sasa nina watoto wakubwa. Kila siku nashika petroli. Naichanganya na oili, naivuta kwa mpira kutoka kwenye pipa, naoshea vipuri, na jioni naoshea mikono. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa hapa mwaloni aliugua homa zisizokwisha, akatibiwa malaria mara nyingi, mwishowe akapelekwa hospitali kubwa wakasema ana saratani ya damu, na Mungu akamchukua. Tangu hapo tumegawanyika. Wapo wanaosema petroli ndiyo iliyomuua, wapo wanaosema wazee wao waliishika maisha yao yote na hawakupata kitu, na wapo wanaosema ukinywa maziwa kila jioni sumu yote inatoka. Naomba ukweli, na kama nimeshachelewa uniambie pia.*

Waaleikum salaam, fundi, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na lile gumu. Hakuna daktari anayeweza kumtazama mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na kuapa kwamba petroli ndiyo iliyomletea, kwa sababu ugonjwa ukishatokea hauna alama inayoonyesha ulikotoka, na wapo wanaoupata bila kushika petroli hata siku moja. Kinachojulikana ni cha jumla, yaani kwamba watu waliofanya kazi na petroli kwa miaka mingi huupata zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, liliiweka petroli ya magari katika kundi la kwanza, ambalo ni kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani zilizotajwa kuwa na ushahidi wa kutosha ni mbili: saratani kali ya damu inayoanzia kwenye uboho wa mifupa, na saratani ya kibofu cha mkojo. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1989, petroli ilikuwa imewekwa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu, kwa hiyo mafundi wanaosema kwamba zamani hawakuambiwa wanasema kweli.

Mkosaji mkubwa ndani ya petroli anafahamika, naye ni benzini. Ni sehemu ndogo tu ya petroli, na Ulaya kwa mfano iliweka kikomo cha asilimia 1 tangu mwaka 2000, lakini ni kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke upesi, kikaingia mwilini kwa pumzi na, kwa kiasi kidogo zaidi, kwa ngozi. Ini hujaribu kuivunjavunja ili itoke kwa njia ya mkojo, na katika kuivunja huzalisha kemikali nyingine ambazo zikifika kwenye uboho huharibu chembe mama zinazotengeneza damu. Ndiyo maana madhara yake huonekana kwanza kwenye damu. Mwaka 1974 daktari wa Kituruki, Muzaffer Aksoy, pamoja na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 26 wa saratani kali ya damu na hali zinazoitangulia, wote wakiwa washona viatu waliotumia gundi yenye benzini katika vibanda vidogo visivyopitisha hewa. Watu wale walikuwa mafundi wa mtaani kama ninyi, wenye vibanda vyao na vijana wao wa kujifunza kazi. Hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda kikubwa.

Sasa niwape haki na wale wanaowataja wazee wao. Kundi la kwanza linaeleza jinsi ushahidi ulivyo thabiti. Halielezi ukubwa wa hatari. Saratani hii ya damu ni ugonjwa adimu. Nchini Marekani, ambako kila mgonjwa huandikishwa, huwapata watu wapatao 4 katika kila 100,000 kwa mwaka. Tuseme, kwa hesabu tu, kwamba kazi ya petroli inaiongeza mara mbili. Katika mafundi 1,000 waliofanya kazi miaka 30, badala ya kumpata mgonjwa mmoja tutapata wawili au watatu. Mafundi karibu wote waliobaki watazeeka bila ugonjwa huo, na wajukuu wao watasimulia kwamba babu alioga petroli na hakufa. Habari hiyo ni ya kweli kabisa, ila haithibitishi kitu. Kwa upande wa pili, yule mmoja wa ziada ni mtu mwenye nyumba na watoto, na alichokosa huenda kilikuwa kitu cha bei ya chini sana.

Hatari inapanda kwa kadiri ya mvuke unaouvuta na miaka unayouvuta. Hapo ndipo penye mambo ya kurekebisha, nami nitayasema kwa mpangilio wa uzito wake kwa fundi wa boti.

La kwanza ni mpira. Najua jinsi inavyofanyika: ncha moja ya mpira ndani ya pipa, nyingine mdomoni, unavuta kwa nguvu, na ukisikia ubaridi unakaribia ulimi unauchomoa haraka na kuuingiza kwenye galoni, kisha unatema. Katika pumzi ile moja unavuta mvuke mzito kuliko unaoupata kwa muda mrefu ukisimama kando ya pipa, na mara nyingine unameza. Petroli iliyokwenda njia ya hewa inaweza kuchoma mapafu na kuleta nimonia kali siku hiyohiyo, hata kabla hatujafika kwenye habari za saratani. Dawa yake mnayo tayari mikononi: ile pampu ndogo ya mpira ya kubinya kwa kiganja, iliyoko kwenye bomba linalotoka tangini kwenda kwenye injini ya boti. Nunueni moja ya ziada, ifungwe kwenye mpira wa kuhamishia mafuta, ibinywe mara kadhaa hadi mafuta yaanze kutiririka yenyewe. Na iwapo mtu amemeza petroli, asilazimishwe kutapika, kwa sababu anapotapika ndipo inapopata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Akianza kukohoa au kuhema kwa shida apelekwe hospitali mara moja.

La pili ni kuoshea mikono. Petroli huondoa grisi kwa sababu inayeyusha mafuta, na haichagui. Inayeyusha pia mafuta ya asili ya ngozi yako, ngozi inakauka na kupasuka, na kupitia mipasuko hiyo kila kitu kinaingia kwa urahisi zaidi. Hapa Kigoma hatuna sababu ya kufanya hivyo. Mafuta ya kula nayo yanayeyusha grisi. Chukua mawese kidogo, sugua mikono ikiwa mikavu, ongeza vumbi laini la mbao kama uchafu umekaa sana, kisha osha kwa sabuni ya mche na maji. Utabaki na rangi kidogo kuzunguka kucha, na mke wako atajua ulikuwa kazini.

Kwa vipuri, acheni petroli na tumieni dizeli au mafuta ya taa, ambayo benzini yake ni kidogo sana na ambayo hayatoi mvuke kwa kasi ileile. Tumieni brashi yenye mpini mrefu, na beseni likae nje penye upepo. Msiniulize kuhusu bei ya mafuta ya taa. Wenye umri wanakumbuka uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulivyofanya kodi yake ipandishwe mwaka 2011. Dizeli itafaa.

Mahali pa kufanyia kazi pana uzito wake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi na kutoweka bali hushuka na kutuama chini, ndani ya mtumbwi, chini ya sakafu ya boti, ndani ya shimo la gereji, palepale unapoinamisha kichwa. Pua haiwezi kukulinda, maana harufu ya benzini huanza kusikika ikiwa imeshapita viwango vinavyoruhusiwa kazini katika nchi zilizo kali. Marekani tangu 1987 inaruhusu sehemu 1 ya benzini katika milioni ya hewa kwa wastani wa saa 8, na Umoja wa Ulaya umekishusha kiwango chake hadi sehemu 0.2 kuanzia Aprili 2026. Isitoshe pua huzoea: fundi anayesema kwamba hasikii tena harufu ya petroli hajapata kinga yoyote. Mvuke huohuo uliotuama ndio unaolipuka mtu akiwasha karabai, na kwa ajali hiyo hamhitaji kusubiri miaka 20.

Maziwa ni lishe nzuri, kunyweni, lakini hayaiondoi benzini. Yanakwenda tumboni ilhali mvuke uliingia kwa mapafu na tayari uko kwenye damu. Nimeona waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa na kuhesabu kwamba wametimiza wajibu wao. Ni afadhali fedha hiyo inunue glavu za naitrili, kwa kuwa zile nyeupe nyembamba za hospitali zilizotengenezwa kwa utomvu wa mpira huruhusu petroli kupenya upesi.

Umeuliza kama umechelewa. Hapana. Saratani ya damu inayotokana na benzini mara nyingi hujitokeza kati ya miaka 5 na 15 baada ya mtu kuanza kuvuta mvuke huo, na tafiti za wafanyakazi zinaonyesha kwamba anayeacha kuuvuta, hatari yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Unachoweza kufanya sasa, pamoja na kubadilisha hayo niliyoyataja, ni kupima picha kamili ya damu, kipimo ambacho Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni wanacho, na kukirudia kila mwaka ukimweleza daktari waziwazi kazi unayofanya. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo vya miaka mfululizo vikionyesha chembe nyeupe, chembe nyekundu au chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikishuka, hapo daktari ana la kufuatilia.

Habari ya mwenzenu kutibiwa malaria mara nyingi inaniumiza, kwa kuwa ndivyo inavyokwenda mara nyingi katika mikoa yetu. Homa ikirudi, mtu ananunua dawa ya malaria dukani. Lakini homa zinazorudi huku kipimo cha malaria kikionyesha hakuna kitu, pamoja na fizi kutoka damu, alama za michubuko bila kugongwa, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, na uchovu usioelezeka, ni sababu ya kudai kipimo cha damu kamili wiki hiyohiyo.

Na mkojo wenye damu msiupuuze. Wengi waliokulia kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga huuita kichocho na kunywa dawa waliyoambiwa na jirani. Huenda kweli ni kichocho, na kichocho cha mkojo chenyewe kikikaa miaka mingi bila tiba kinasababisha saratani ya kibofu. Kiliwekwa katika kundi la kwanza tangu 1994. Kwa mtu wa petroli sababu za kuchunguzwa zimekuwa mbili. Akivuta na sigara zimekuwa tatu, na hiyo ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu tumbaku ndicho chanzo kikuu kinachojulikana cha saratani ya kibofu, na moshi wake una benzini pia. Fundi anayeacha mpira mdomoni na kubaki na sigara mdomoni hajafika mbali.

*Shikamoo dokta. Mimi ni binti ninayefanya kazi ya kujaza mafuta kwenye sheli moja Kasulu. Nina mimba ya miezi minne. Siku za gari la mafuta kuja, mimi na mwenzangu ndio tunaopanda kupima kwa fito na kusimamia mafuta yanaposhushwa, na harufu yake hunifanya nitapike na kichwa kuuma. Nilimwambia msimamizi akacheka, akasema kuna wanawake wamejifungua watoto wazima wakiwa hapahapa kazini. Je, mtoto wangu yuko hatarini? Nimekuwa navaa barakoa ya kitambaa.*

Marahaba, binti yangu. Msimamizi wako anasema kweli kwamba wanawake wengi katika kazi hiyo hujifungua salama, na wewe pia una kila sababu ya kutarajia hivyo. Hata hivyo benzini hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hakuna sababu ya kumpa mvuke huo mtu ambaye bado anajengwa, ilhali kumwepusha nao kunahitaji tu kubadilisha zamu.

Katika sheli, mvuke haulingani kwa kazi zote. Anayesimama penye upepo na kujaza pikipiki anavuta kidogo. Anayefungua kifuniko cha tangi la ardhini na kuchungulia fito, au kusimama juu ya lori mafuta yakishuka, anavuta wingi unaosukumwa nje na mafuta yanayoingia. Hizo kazi mbili ndizo za kukataa kwanza. Kichwa kuuma na kutapika vinaweza kuwa vya mimba, lakini vikija siku za gari la mafuta na kuondoka siku nyingine, amini unachokiona.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mwanamke mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto wake. Mwombe mwajiri, si msimamizi peke yake, akuhamishie ofisini au dukani hadi utakapomaliza kunyonyesha. Andika kwa barua, ubaki na nakala, na uambatishe maandishi ya kliniki kama mkunga atakubali kukuandikia. Akikataa, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye mamlaka ya kukagua, na afisa kazi wa mkoa anaweza kukuelekeza.

Wakati unasubiri jibu, simama upande upepo unakotoka, ukiupa mgongo. Usiinamie mdomo wa tangi kusikiliza kama limejaa. Bastola ya pampu ikikata yenyewe usiongezee hata mteja akitaka hesabu ifike elfu kamili. Mafuta yakikumwagikia nguoni badilisha nguo saa hiyohiyo, kwa sababu sare iliyolowa inakuvukizia puani na kukupenya ngozini hadi jioni. Weka sare ya pili kazini. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi. Mvuke unaipita kama hakuna kitu, na ile inayouzuia ni ya vichujio vya mkaa maalumu, ambavyo vinapaswa kubadilishwa vinapochoka.

*Mimi ni mzee wa Ujiji. Maisha yangu yote napaka oili chafu kwenye nguzo za ua na mbao za paa ili mchwa wasile, na kwa mikono yangu, bila brashi. Pia tunaipaka kwenye vidonda vya mbuzi, na siku hizi namwona kijana wangu wa gereji akiipaka kwenye mba wake wa mguuni. Je, hii nayo ni petroli?*

Shikamoo mzee wangu. Oili si petroli, na benzini si tatizo lake kubwa. Oili mpya ya injini, iliyosafishwa sana kiwandani, haina ushahidi wa kuleta saratani kwa anayeishika. Ikishazunguka ndani ya injini kwa maelfu ya kilomita inakuwa kitu kingine: inabeba masizi na kemikali za jamii ya lami zinazozaliwa mafuta yanapoungua nusunusu, pamoja na chembe za vyuma vilivyosagika. Panya wa maabara waliopakwa oili ya aina hiyo mara kwa mara walipata saratani ya ngozi.

Historia ya binadamu wenyewe ipo. Katika viwanda vya kusokota pamba vya Lancashire, Uingereza, mitambo ililainishwa kwa mafuta ya madini ambayo hayakusafishwa vizuri, nayo yaliwarukia wafanyakazi mapajani kila walipoinama, yakalowesha suruali zao siku hadi siku. Mwaka 1922 madaktari walieleza jinsi wasokotaji wale walivyokuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani, na mwaka 1953 serikali ilitunga kanuni maalumu kwa ajili yao. Mafuta ya namna hiyo yako katika kundi la kwanza hadi leo.

Kwa hiyo, mzee, huyo kijana wa gereji ndiye ninayemhofia kuliko wewe. Mtazame anapofanya kazi: ana kitambaa cha kufutia oili, na akimaliza kufuta anakisokomeza kwenye mfuko wa mbele wa suruali. Pale kinakaa kutwa nzima, joto la mwili likikikamua taratibu kwenye ngozi ya kinena, ambayo ni nyembamba kuliko ya mikono. Ovaroli yake huenda inafuliwa mara moja kwa mwezi. Mwambie kitambaa kikae kwenye msumari ukutani, ovaroli ifuliwe kila wiki na isichanganywe na nguo za watoto, na mba wa mguuni utibiwe kwa dawa ya fangasi ya dukani. Oili haiui fangasi kwa namna yoyote ya maana, inaficha tu ngozi isionekane. Kipele kigumu au kidonda kisichopona kwenye mikono au korodani kionwe na daktari mapema, bila haya, maana saratani hii ikiwahiwa hukatwa na mtu akapona.

Nguzo zako paka, lakini kwa brashi na glavu, na usipake mbao za ndani wanapolala watu wala za jiko. Nguzo za ua wa mbuzi ziache, kwa sababu mbuzi hulamba. Na oili inayobaki isimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro ya Ujiji yote yanateremkia ziwani.

*Nasimamia injini kwenye mashua ya mizigo inayokwenda Kalemie na Bujumbura. Sisi hatutumii petroli, ni dizeli tupu. Je, tuko salama?*

Kwa upande wa kushika dizeli kwa mikono mko afadhali kuliko wenzenu wa petroli, ingawa ngozi nayo itaharibika msipoilinda. Kwa upande wa moshi mko pabaya. Moshi wa injini za dizeli uliwekwa katika kundi la kwanza mwaka 2012 kwa sababu ya saratani ya mapafu, mwaka huohuo ambapo ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 12,000 wa migodi ya Marekani, wengi wao wakiwa wamefanya kazi chini ya ardhi pamoja na mashine za dizeli. Chumba cha injini cha mashua, chini ya sitaha, chenye mlango mmoja na bomba la moshi lililotoboka na kuzibwa kwa kitambaa na waya, hakitofautiani sana na mgodi. Bomba lichomelewe na lifike juu ya sitaha, tundu la hewa lifunguliwe pande mbili, na asilale mtu humo usiku kwa kisingizio cha baridi ya ziwani.

*Mume wangu ameendesha lori la mafuta kwa miaka mingi. Mwaka huu amegundulika kuwa na saratani ya damu na anatibiwa Dar es Salaam. Mwajiri anasema ugonjwa ni wa Mungu na kazi haihusiki. Je, tuna haki yoyote?*

Pole sana mama, Mungu amjalie nafuu. Kwamba ugonjwa unatoka kwa Mungu hakuna atakayebishana na mwajiri, lakini sheria inauliza swali jingine, nalo ni kama kazi ilichangia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya 2008 na ukaanza kazi mwaka 2015. Michango yake hutolewa na mwajiri peke yake, na haipaswi kukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Unagharamia matibabu na kulipa fidia kwa ajali na kwa magonjwa yanayotokana na kazi, na mfanyakazi akifariki kwa ugonjwa huo wategemezi wake wana haki.

Ugumu wa saratani ni kwamba haina tarehe kama ajali. Mfuko utataka kujua ni ugonjwa gani hasa, kwa sababu saratani za damu ziko nyingi na si zote zilizofungamanishwa na petroli kwa nguvu ileile. Kwa hiyo omba taarifa ya kipimo cha uboho yenye jina kamili la ugonjwa. Utataka kujua mume wako alifanya nini kwa mikono yake. Neno “dereva” kwenye mkataba halionyeshi kwamba alipanda juu ya tangi kupima, akafungua vali, akaunganisha mipira na kusafisha tangi kwa ndani. Mwache asimulie akiwa na nguvu, uandike wewe: miaka, njia alizopita, mafuta aliyobeba, vifaa alivyopewa na asivyopewa, majina ya madereva wenzake wanaoweza kuthibitisha. Mwombe daktari anayemtibu aandike kazi hiyo kwenye faili, maana mara nyingi mafaili yetu huandikwa “mkulima” au huachwa wazi mahali pa kazi.

Mwajiri anawajibika kuutaarifu Mfuko. Mpelekee taarifa ya ugonjwa kwa maandishi na umtake asaini nakala yako. Asipochukua hatua, nenda mwenyewe ofisi za WCF ukiwa na mkataba au kitambulisho cha kazi, hati za mshahara, taarifa za hospitali na cheti cha ndoa. Usingoje matibabu yaishe, kwa kuwa madai yana muda wake kisheria, na mashahidi nao huhama.